Programu Isiyoomba Kitu

Jumatatu, saa sita na dakika kumi mchana, hewa ilikatika nyumbani kwa Bi Chumu kwa dakika nne, na kabla hata hajafika mlangoni Mize Hamadi alikuwa ameshajua wa kumlaumu.

Hakuwa na ushahidi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu ya kazi ya utunza kiini, na kazi hiyo humfundisha mtu kumshuku hata anayemsalimia. Alikimbia njia yote ya magharibi, kutoka chumba cha mtambo hadi mwisho kabisa, kwenye milango miwili tu iliyobaki na watu: mmoja wa Bi Chumu, wa pili wa tanuri la mikate la Shaame Ussi. Tanuri lilikuwa limefungwa. Kufuli kubwa lilining'inia mlangoni, na Mize alilitazama kufuli lile akalichukia.

Mtaa wa Machimboni ulichongwa ndani ya machimbo ya zamani ya mawe, tangu jua la huko juu lilipokuwa kali kiasi cha mtu kutoweza kukaa nje mchana akabaki mzima. Chini kuna afueni, lakini hewa haiji yenyewe. Inasukumwa na mtambo, inapita katika njia nne, na kila mlango una kilango chake cha hewa. Kilango kikikosa maagizo hujifunga, kwa usalama. Mtu mwenye mapafu mazima akifungiwa dakika kumi atatoka jasho na kutukana. Bi Chumu hakuwa na mapafu mazima.

Mize alimkuta chini, kando ya kitanda, midomo imekuwa rangi ya majivu. Jirani wa njia ya kusini aliyesikia filimbi ya mashine ya kupumulia alikuwa anampepea kwa kipande cha kadibodi. Hewa ilikuwa imesharudi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio hivyo, kuna msiba?"

"Bibi, ulizimia."

"Nilisinzia tu."

"Sakafuni?"

"Sakafu ina ubaridi," alisema Bi Chumu, akajivutia kanga kichwani kama mtu aliyefumaniwa na wageni nyumba haijafagiwa.

Mize alicheka huku machozi yakimlenga. Kisha akageukia ukutani, kwenye kisanduku cha programu ya nyumba, akaiuliza kwa ukali kwa nini haikuita mtu.

"Usimkaripie Mosi," Bi Chumu aliharakisha kusema. "Miye ndiye niliyemwambia asiwapigie watu makelele."

"Karibu maji, Bi Mize," ikasema programu kutoka ukutani. "Pole kwa mbio."

Programu za nyumba kwa kawaida hazikaribishi mtu maji. Hii Bi Chumu aliilea miaka kumi na miwili, akizungumza nayo asubuhi na jioni. Mwenyezi Mungu hakumjaalia mtoto, basi akaipa programu jina ambalo angempa kifungua mimba wake. Mize aliliona jambo hilo kuwa la kizee na la huruma, akaliacha lipite. Akili yake yote ilikuwa kwenye lile kufuli.

*

Siku hiyo hiyo alasiri alifungua daftari la nasaha.

Ni vizuri ieleweke daftari hilo ni la nini. Machimboni nzima inaendeshwa na mtambo mmoja wa kompyuta, na ndani ya mtambo huo bwana mkubwa ni kiini. Kiini ndicho kinachogawa kila kitu: nani atumie nini, lini, na kwa muda gani. Chini yake zipo programu mia moja na kumi, za nyumba, za visima, za zahanati, za tanuri, na zote zinakaa juu ya kumbukumbu moja ya pamoja ambayo mafundi wa kwanza waliiita jamvi. Jina lilikaa. Jamvi lina kurasa, na programu mbili au tatu huweza kusoma ukurasa mmoja, kila moja kwa shida yake.

Balaa ni kwamba jamvi ni dogo. Vipande vya kumbukumbu haviletwi tena kutoka popote. Kwa hiyo jamvi likijaa, kiini hutoa ukurasa mmoja na kuupeleka ghalani, kwenye hifadhi kubwa ya zamani, ambako kuurudisha huchukua dakika tatu, nne, wakati mwingine saba.

Zamani kiini kilikuwa kinakisia. Ukurasa ambao haujaguswa kwa muda mrefu kiliuona hauna kazi, kikautoa. Ndivyo alivyoondoka Kombo, kaka yake Mize, ambaye dawa yake ya sukari ilisimamiwa na ukurasa unaoguswa mara mbili tu kwa siku. Baada ya mazishi yale Mize alisimama mbele ya baraza la mtaa akasema kisio kimemuua ndugu yake, na kwamba programu ziruhusiwe kukishauri kiini, kwa sababu kila programu inaijua kesho yake kuliko kiini kinavyoijua. Baraza likakubali. Tangu hapo, kabla ya kutoa ukurasa, kiini huziuliza programu zote zinazoushiriki. Kuna majibu mawili: nitauhitaji, au siuhitaji. Moja tu ikisema nitauhitaji, ukurasa hubaki, na wenzake wote wakafaidi. Nasaha si amri, lakini kiini husikiliza, na humpa kila mshauri alama ya uaminifu kwa kadiri maneno yake yanavyotimia.

Wanadamu ni wanadamu. Mwezi haukwisha kabla watu hawajaanza kuzifundisha programu zao kupiga kelele. Kila ukurasa, nitauhitaji, nitauhitaji. Mpishi wa harusi aliwahi kushika kurasa mia tatu kwa ajili ya biriani. Kazi ya Mize ikawa ni hiyo: kila asubuhi kuhesabu nani amesema nitauhitaji mara nyingi kupita kiasi, na kumkata makali. Safu ya siuhitaji hakuwahi kuisoma. Nani atadanganya kwamba hahitaji?

Programu ya tanuri la Shaame ilikuwa imesema nitauhitaji mara elfu nne kwa mwezi mmoja. Mara elfu nne, mikate! Na ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, ule wa vilango vya hewa vya mwisho wa njia ya magharibi, ulikuwa na washiriki wawili tu, tanuri na nyumba ya Bi Chumu. Jumamosi jioni programu ya tanuri ilijaza jamvi kwa maombi yake. Jumapili Shaame alifunga akaenda kumzika mjomba wake mtaa wa pili. Jumatatu ukurasa ule ukatolewa.

"Alijaza nyumba akaondoka na ufunguo," Mize alimwambia Sheha Vuai, mkuu wa mtaa. "Jamvi limejaa takataka zake, kiini kikatafuta pa kupumulia, kikamtoa Bi Chumu."

Sheha Vuai alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa kesi. Aliuliza swali moja tu. "Siku yenyewe programu ya Shaame ilisema nini?"

"Haikusema kitu. Ilikuwa imezimwa."

"Sasa si hapo ndipo..."

"Sheha, mwizi haibi siku ya msako," Mize alimkatiza, na Sheha akanyamaza, kwa kuwa hakuna aliyejua mambo ya kiini kuliko Mize, na Mize mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi.

Shaame aliitwa Jumatano aliporudi kutoka matangani. Alikuwa mtu mrefu, mikono imejaa makovu ya moto. Aliposikia programu yake itatolewa jamvini hakupiga kelele kama walivyozoea wengine. Aligeuka kijivu.

"Msiizime, dada Mize. Nawaomba. Nikateni kurasa nyingine zote, nioke kwa kuni nikilazimika. Ule wa hewa niachieni."

"Kwa nini ule?"

Shaame alitazama sakafu. "Siwezi kusema."

"Mbele ya Sheha huwezi kusema?"

"Neno hili lina mwenyewe."

Mize alihisi furaha chungu, ile anayoipata mtu shaka yake inapotiwa muhuri. Angekuwa na haki angesema. Nini kinachomfunga mdomo mtu asiye na hatia? Alisaini karatasi, Sheha akasaini, na Alhamisi asubuhi programu ya tanuri ikaondolewa jamvini kwa mkono wake Mize mwenyewe. Shaame alisimama mlangoni mwa chumba cha mtambo muda wote, kofia mkononi.

*

Ilikuwa saa sita kasoro robo. Mize alikuwa amekaa mbele ya kioo cha mtambo anakunywa chai, daftari linajiandika lenyewe mstari baada ya mstari, naye anajipongeza. Jamvi lilikuwa na nafasi kubwa kuliko wiki nzima iliyopita. Kisha pampu zote za adhuhuri zikaanza kwa pamoja, kama kawaida ya saa ile, nafasi ikapungua, ikapungua, ikaisha. Kiini kikaanza kuuliza.

Ukurasa 212, nani anauhitaji?

Kulikuwa na wa kujibu mmoja tu. Jibu lilikuja kabla Mize hajaweka kikombe chini.

Mosi: siuhitaji.

Mize alikodoa macho. Pembeni mwa jibu kuna kisanduku cha sababu, ambacho mafundi wa kwanza walikiweka na hakuna programu iliyojisumbua kukijaza. Mosi alikuwa amekijaza. Kiliandikwa: *Starehe. Sisi tumeshatosheka, wapeni wenzetu.*

Alirudisha daftari nyuma, kwenye safu ambayo hajawahi kuisoma. Siuhitaji. *Ahsante, inatutosha.* Siuhitaji. *Msijisumbue kwa ajili yetu.* Siuhitaji, siuhitaji, miaka na miaka, kila alipoulizwa, kwa kila ukurasa, na kila mara sababu imeandikwa kwa adabu ya mtu anayepita mbele ya watu walioandaa chakula. Na katika miaka ya karibuni, kando ya kila jibu la Mosi kuhusu ukurasa ule, sekunde hiyo hiyo, lilikuwapo jibu la tanuri la Shaame: nitauhitaji. Jumatatu halikuwapo.

Alama ya uaminifu ya Mosi ilikuwa kubwa kuliko zote mtaani. Hajawahi kuomba kitu akakosa kukitumia, kwa kuwa hajawahi kuomba kitu. Kwa hiyo kiini hakikusita hata kidogo. Ukurasa ulishaanza kuhama kwenda ghalani, na namba zilikuwa zinashuka kwenye kioo: asilimia themanini, sabini.

Mize alimjua Bi Chumu. Alimjua tangu utotoni, bibi alipokuwa anamfundisha kusuka ukili wa mkeka barazani kwao. Aliiona tena akilini ile midomo ya majivu.

Kuna kiapo kimoja tu katika kazi ya utunza kiini, na kila anayeingia hukiapa kwa mkono juu ya mtambo: sitasema kwa ulimi wa programu. Mtunzaji anaweza kukata, kupunguza, kuzima. Hawezi kushauri. Anayeweza kusema nitauhitaji kwa jina la mwingine ndiye anayeamua nani apumue, na hilo hakupewa mtu.

Hamsini. Arubaini.

Mize aliingia kwa jina la Mosi akaandika nitauhitaji. Kwa haraka alikosea mara mbili. Alipobonyeza, kiini kilisoma jina, kikaiona ile alama kubwa, kikatii. Ukurasa ukarudi. Alipiga simu nyumbani kwa Bi Chumu, na sauti ya Mosi ikamwambia kwamba Bibi hajambo, anaosha vyombo, na ahsante kwa kuwajali.

Alikaa akitoka jasho. Ndipo alipoona mstari wa chini, ambao kiini kiliuandika kimyakimya kama kilivyozoea: *Ukurasa 77 umetolewa.* Hakuujua ukurasa wa sabini na saba ni wa nini. Ilimbidi autafute. Ulikuwa wa pampu ya maji ya nyumba sita za kaskazini, ambazo zilikaa kavu robo saa, na hakuna aliyedhurika isipokuwa mtu mmoja aliyebaki na sabuni machoni.

Lakini hakutazama kabla ya kubonyeza. Hilo ndilo lililomkata maini. Ungeweza kuwa wa chumba cha wazazi zahanati, naye angebonyeza vilevile.

*

Sheha Vuai alipopata habari alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umeokoa roho, Mize."

"Nimevunja kiapo."

"Kiapo tutakibadilisha. Sikiliza. Kuna njia mbili tu hapa. Ama ile programu ya kizee ifutwe, iwekwe mpya yenye akili, ama wewe uwe unaisemea. Na si ile peke yake. Nani anajua wako wangapi kama yule? Baraza likutane kesho adhuhuri, tukupe idhini uwe unazisemea zote unazoona zinafaa."

Aliyasema kwa nia safi, na ndiyo maana Mize aliogopa. Wiki hii hii alimwona Shaame mlafi na Mosi akamwona mwaminifu. Akamzima mlinzi. Huyo ndiye wanayetaka kumpa pumzi za watu mia tatu? Ukimulika nyoka, anzia miguuni mwako.

Akaomba apewe mpaka hiyo adhuhuri ya kesho. Wakati huo programu ya tanuri ilikuwa imesharudishwa jamvini, lakini Sheha hakutaka mtaa uishi kwa kelele za mwoka mikate, na katika hilo alikuwa na haki. Mtu husafiri, huugua, hufa.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwanza kwa Shaame. Alimkuta anakanda unga. Maneno ya kuomba radhi aliyokuja nayo yalikuwa marefu, akasema nusu yake tu.

"Ulijua tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu," alisema Shaame bila kuacha kukanda. "Nilikuwa natafuta kwa nini tanuri langu linakosa hewa. Nikaona majibu ya yule Mosi. Nikamwambia mtumishi wangu, programu ya tanuri, kila ukurasa anaoukataa jirani, wewe uutake. Ndiyo maana hesabu zangu zikawa kubwa."

"Na hukusema! Nilikuita mlafi mbele ya Sheha, ukakaa kimya."

"Niseme nini, dada? Nisimame barazani nimtangaze Bi Chumu kwamba nyumba yake haijui kujiombea? Kwamba miaka minne anapumua kwa kusemewa na mwoka mikate?" Alitikisa kichwa. "Yule mama akisikia anakufa kwa aibu kabla ya kufa kwa joto."

"Alikuwa karibu kufa kwa adabu yako, Shaame."

"Najua," alisema, na unga ukatulia mikononi mwake. "Matangani nilikaa siku tatu nikajisahaulisha. Najua."

Mize alitaka kumkasirikia akashindwa. Hata yeye asingesema.

*

Bi Chumu alikuwa ameandaa. Chai ya tangawizi, sahani moja tu ya vitumbua, ya mgeni. Mwenyewe alikaa mbali na sahani. Mashine ilivuma taratibu, na Mosi akakaribisha.

Mize alimweleza yote. Hakumficha tanuri, hakumficha kiapo, wala pendekezo la Sheha. Alipofika kwa Shaame, Bi Chumu aliinamisha uso.

"Fedheha gani hii. Yule mtu ana watoto wanne, anahangaika na pumzi zangu!"

"Bibi, Sheha anataka Mosi afutwe."

Mkono wa bibi ulikwenda ukutani wenyewe, ukagusa kisanduku. "Kwa kosa gani? Mosi ana adabu. Nimemlea mwenyewe."

"Ndilo kosa lenyewe. Anajibu kama unavyojibu. Sasa nakuuliza wewe. Hewa ile unaihitaji?"

"La, mwanangu. Miye nimeshakula chumvi nyingi. Wapeni wenye watoto."

Ukutani kitaa kidogo cha Mosi kiliwaka. Anasikia, Mize aliwaza. Anasikia na kujifunza, kama alivyosikia miaka kumi na miwili.

"Nakuuliza tena. Unaihitaji?"

"Si nimeshakujibu? Kunywa chai, inapoa."

"Mficha uchi hazai, Bibi," Mize alisema, na papo hapo akauma ulimi. Kati ya methali zote za dunia, kumwambia hiyo mwanamke aliyelia miaka thelathini kwa kukosa mtoto! Bi Chumu alimtazama tu. Mize aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, lakini hakuondoka. Aliisogeza sahani ya vitumbua pembeni, akasogea akakaa chini, miguuni pa bibi.

"Nisamehe. Sikujua nisemalo. Lakini nitakuambia jambo, na wewe ujibu au usijibu. Naweza kurudi sasa hivi nikakusemea. Sheha amesharidhia. Nitaandika nitauhitaji kwa jina la Mosi leo, kesho, mpaka nitakapozeeka. Na kila nikiandika nitamtoa mtu mwingine nisiyemwona. Jana nilifanya hivyo na sikutazama ni nani. Siamini mkono huu tena, Bibi. Huyu Mosi kiini kinamwamini, hajasema uongo hata siku moja, ila kwa hili. Na hili hakulibuni. Limetoka kwako."

Bi Chumu alikunja pindo la kanga.

"Jumatatu, uliposinzia sakafuni," Mize aliendelea polepole, "uliwaza nini?"

Bibi aliitazama ile sakafu kando ya kitanda.

"Nilikuwa naita," alisema bibi. "Nilimwita mama yangu, aliyekufa zamani. Nilimwita Shaame. Nilikuita hata wewe. Sauti haikutoka. Kisha mlipokuja niliona haya, kwamba mmenikuta nimeng'ang'ania mguu wa kitanda kama mtoto. Mtu mzima miye! Nina miaka themanini na moja, Mize, wenzangu wote wameshatangulia. Mtu wa umri huu haombi. Hukaa pembeni akangojea zamu."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Ndivyo tulivyolelewa."

"Uliogopa, Bibi?"

"Niliogopa sana."

Kitaa cha Mosi kilipepesa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kusitasita, na Mize, aliyezijua programu miaka kumi na mitatu, hakuwahi kuisikia programu ikisita.

"Bibi, jana na juzi ulisema hatuna haja. Leo umesema uliogopa. Nikiulizwa tena niseme lipi?"

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na nusu. Mize alikunja ngumi ndani ya mikunjo ya buibui lake ili asijibu yeye. Ulimi ulimwasha. Neno moja tu lingetosha, naye alilijua, na bibi angeliitikia kwa kichwa akashukuru, na kila kitu kingebaki palepale. Alinyamaza. Hajawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Bi Chumu alijifunika uso kwa kanga. Kutoka ndani ya kitambaa sauti yake ilitoka kubwa, karibu ya ugomvi, kama ya mtu anayedai chake sokoni.

"Sema tunahitaji."

"Tunahitaji," Mosi alirudia. "Na wenzetu, Bibi?"

"Nao watasema wao! Wana midomo." Mabega ya bibi yalikuwa yanatikisika. "Wewe sema ya kwetu."

"Kuna mahali pa kuandika sababu. Niandike nini?"

Mize aliona vidole vya Bi Chumu vikiibana kanga, vikaiachia, na uso ukatoka umelowa machozi, wa mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu na ambaye ameamua kutochutama.

"Andika," alisema, "Chumu anataka kuishi."